Mashine Iliyomjibu Mama Mdogo

Kazi yangu katika hospitali ile ya Korogwe ni kusimama kando ya roboti na kuwaelekeza watu namna ya kuzungumza nayo. Kabla ya hapo nilikuwa mapokezi kwa miaka mingi. Wakubwa waliona nina subira, basi mashine ilipoletwa nikakabidhiwa mimi. Ukiieleza kazi hii watu wanacheka. Lakini hebu fikiria mtu ametoka Handeni na wasiwasi wake, mgonjwa wake yuko ndani, anaingia mlangoni anakutana na kitu cheupe chenye kichwa, macho ya bluu, mikono miwili na kioo kifuani, kisicho na miguu ila magurudumu, kinamwambia shikamoo. Pasipo mtu wa kumwambia "usiogope, karibu, sema nayo kama unavyosema na mimi," wengi wangegeukia mlangoni.

Niieleze kidogo, kwa sababu yaliyotokea yanategemea kuelewa mashine hii inafanya nini na haifanyi nini. Haitibu. Wengi walidhani ni daktari, na wapo waliofungua vifungo vya shati mbele yake nikawahi kuwazuia. Inapima joto la mtu kwa kumtazama usoni, na inaelekeza njia. Unaitajia jina la mgonjwa wako, inatafuta kwenye kompyuta za hospitali, kisha inakwambia yuko wapi na upite wapi. Basi, ni hayo tu. Waliokuja kuifunga waliifundisha Kiswahili safi, na kwa kuwa hawakutaka imvunjie heshima mtu mzima hata mmoja, waliifundisha kumwamkia kila anayesimama mbele yake. Kwa hiyo ikawaamkia hata watoto. Mtoto mmoja wa chekechea aliambiwa shikamoo, akajivuta, akaitikia "marahaba" kwa sauti ya babu yake, na benchi zima likacheka, hata waliokuja kwa kuumwa meno.

Wagonjwa waliiita sista. Mwendesha bodaboda mmoja, aliyekuwa akileta wagonjwa karibu kila siku, hakuacha kuichokoza.

"Sista, umeolewa?"

"Samahani, sijaelewa. Unamtafuta mgonjwa gani?"

"Namtafuta wangu. Bado hajaugua."

"Samahani, sijaelewa."

"Ndivyo wanavyosema wote," alijibu, akaenda zake.

Mwaka ule ule mashine ilipoletwa, mama mdogo alikuja kukaa kwangu Kilole, hapo hapo Korogwe. Ni mdogo wake mama yangu, mkulima wa Kwedizinga, mahindi na mihogo, mjane. Alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja tu, binti aliyekuwa mama lishe pale Chanika, mjini Handeni, mwanamke mcheshi mwenye mikono ya kazi, ambaye tulikua naye. Binti huyo alianza kuvimba tumbo, macho yakageuka manjano. Handeni walimwangalia, kisha wakampa rufaa kuja Korogwe. Madaktari walisema ini limeharibika sana. Waliniambia mimi zaidi ya walivyomwambia mama yake, kwa sababu mimi ni mtu wa hospitali, na mimi nikamwambia mama mdogo nusu ya niliyoambiwa. Ndivyo tunavyofanya.

Siku ya kwanza nilipomfikisha mapokezi, nilimpeleka kwa roboti mwenyewe. Nilitaka ajue kuitumia, ili hata nikiwa na shughuli asihangaike kutafuta njia. Alisimama mbali nayo kidogo, ameshika ncha ya khanga.

"Shikamoo," ikamwambia. "Karibu. Unamtafuta mgonjwa gani?"

"Marahaba," akajibu, kisha akanigeukia na kuniuliza kwa Kizigua, "Ni mtu?"

"Si mtu, mama mdogo. Ni mashine. Itajie majina matatu ya mwanao, polepole, kwa Kiswahili. Kizigua haikijui."

Akayataja. Mara ya kwanza aliyataja kwa kunong'ona, haikusikia. Nikamtia moyo, nikamwambia hakuna anayekosea hapa, jaribu tena. Mara ya pili ikamjibu: wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, nyoosha, panda ngazi, kushoto. Akaifuata njia ile mwenyewe, mimi nikiwa nyuma yake, na kweli akatokea kitandani kwa mwanawe. Alifurahi kama mtu aliyefaulu mtihani. Tukiwa tunarudi aliniuliza maswali, nami nikamjibu kwa furaha, maana hakuna kinachonipendeza kama mtu anayetaka kuelewa.

"Imejuaje alipo?"

"Imeandikwa kwenye kompyuta. Mgonjwa akihamishwa, nesi anaandika, na yenyewe inajua hapo hapo."

"Akihamishwa usiku?"

"Hata usiku."

"Haina mama? Haina ndugu?"

"Haina, mama mdogo."

"Sasa mtu akiiambia, usimwambie fulani?"

"Haiwezi kuambiwa hivyo. Inasema kilichoandikwa."

Akatikisa kichwa taratibu. Nilidhani anastaajabia mashine.

Tangu hapo kila asubuhi aliamka kabla yangu, akakoroga uji wa ulezi, akaukamulia limau, akaujaza kwenye chupa ya chai yenye maua mekundu. Tulitoka pamoja Kilole. Akifika mapokezi alisimama mbele ya roboti na kuuliza mwanawe yuko wapi, ingawa alijua kitanda kilipo. Watu wa benchi walianza kumtania.

"Bibi, kwani jana ulimpoteza?"

"Nahakikisha tu."

"Sista ameshakuzoea huyo. Atakudai nauli."

"Nitampa uji," alisema, nao wakacheka.

Binti hakuwa akinywa uji huo. Alionja vijiko viwili kumridhisha mama yake, kisha akageuka dirishani. Mikono yake ilikuwa imekonda, ila tumbo lilizidi kujaa. Alipokuwa na mimi peke yake aliniomba nimwangalie mama yake. Hakusema lini, wala sikumuuliza.

Alifariki alfajiri. Nesi wa wodi alinipigia simu adhana ilipokuwa ndiyo kwanza imekwisha, na mimi nikatoka nje uani ili nisisikike, nikampigia mjomba Kwedizinga. Mjomba ni kaka mkubwa wa mama mdogo, ndiye mkubwa wa ukoo wetu sasa. Akasema innalillahi, kisha akaniuliza jambo moja tu.

"Yeye anajua?"

"Hajajua."

"Asijue. Unanisikia? Ana presha. Mwambie mgonjwa amepewa rufaa ya Dar, na kwamba nimesema apite nyumbani kwanza achukue nguo. Mlete. Mimi nitamwambia mwenyewe, akiwa amekaa, wanawake wamemzunguka."

Sitaki msomaji amwone mjomba kuwa mtu mbaya. Huku kwetu habari ya msiba haipewi mtu akiwa njiani, wala kwa simu, wala akiwa peke yake. Wapo walioambiwa wakiwa barabarani wakaanguka. Basi mtu anaambiwa mgonjwa amezidiwa kidogo, njoo, naye anakuja, na habari anaikuta kwao, mahali ambapo kuna mikono ya kumdaka. Mwenye kubeba habari anabeba na kazi ya kuchagua mahali pa kuitua. Ni huruma, na ni heshima, na karibu kila mtu mzima ameshafanyiwa hivyo.

Mama mdogo naye alikuwa ameshafanyiwa. Mumewe alipofariki kwenye hospitali ya Handeni, yeye alikuwa shambani. Walimtumia mtu wa kumwambia kwamba mgonjwa ameamka na hamu ya uji. Akakoroga. Akabeba chupa yake garini, ameipakata ili isimwagike, njia nzima akiuliza kama limau litamdhuru mgonjwa wa tumbo, na waliokuwa naye wakimjibu kwamba halitamdhuru. Gari halikwenda hospitali. Lilikwenda kwa shemeji yake, na akashuka na chupa mkononi mbele ya turubai na wanaume waliokaa kimya. Chupa ndiyo ile ile yenye maua mekundu. Hakuwahi kumlaumu mtu kwa hilo, angalau si mbele yetu.

Nilipoingia jikoni alikuwa anakoroga.

"Simu ya nani alfajiri hii?"

"Ya mjomba. Mama mdogo, mgonjwa amepewa rufaa ya Dar. Mjomba anasema tupite Kwedizinga uchukue nguo, kisha ndiyo uende."

Mwiko ukasimama. Hakuniangalia. Kisha ukaendelea kuzunguka.

"Ameshaondoka?"

"Bado. Anaandaliwa."

"Basi uji wake utamuwahi."

Nikasema huenda madaktari wamemkataza kula kabla ya safari. Akasema ataunywea garini. Nikasema gari la kutupeleka nyumbani litatufuata hapa Kilole. Akasema si litufuate hospitali, mbona ni hapo hapo. Kila neno nililolisema alikuwa na jibu lake, na yote yalikuwa majibu ya mama mwenye mgonjwa. Kumkatalia zaidi kungekuwa ni kumwambia. Tukatoka.

Hospitalini watoto wawili wa mjomba, wanaume watu wazima, walikuwa wamekwisha kufika kwa ajili ya kumchukua marehemu. Niliwaona kwa mbali wakinipungia. Nikamkalisha mama mdogo kwenye benchi la mapokezi, nikamwambia anisubiri pale, naenda kuulizia gari. Nilimwomba mwenzangu wa dirishani amwangalie. Halafu nikaenda upande wa nyuma, nikasaini nilichotakiwa kusaini, nikakubaliana na wale ndugu kwamba wao watatangulia na mwili kwa gari lao, sisi tufuate kwa gari lingine, polepole.

Niliporudi na kukata kona ya korido, alikuwa amesimama mbele ya roboti. Chupa ameikumbatia kwa mkono wa kushoto. Alikuwa anataja majina matatu ya mwanawe kwa Kiswahili safi, polepole, kama nilivyomfundisha.

Ikamjibu. Sauti ya mashine ile ni ya upole, na haibadiliki.

"Mgonjwa uliyemtaja yuko chumba cha kuhifadhia maiti. Nyoosha mpaka mwisho wa korido, toka nje, kisha kulia. Je, nikusaidie jambo lingine?"

Baadaye wataalamu walieleza, na maelezo yao yalikuwa ya kweli. Hakuna aliyeifundisha mashine kutangaza kifo. Ilifundishwa kusema mtu alipo. Mwili ulipohamishwa, nesi aliandika mahali ulipopelekwa, kama anavyoandika mtu akipelekwa maabara au chumba cha upasuaji. Kwa mashine, mochwari ilikuwa chumba kama vyumba vingine. Wengine kabla yake hawakuwa wameuliza, kwa sababu kwetu ndugu wakishajua hawaulizi njia, na wasiojua hawaachwi wakauliza.

Yule mwendesha bodaboda alikuwa pale, ameshika kofia yake ngumu, akainama kutazama sakafu.

"Hapana," mama mdogo aliiambia mashine. "Asante."

"Asante na karibu tena."

Aligeuka akaniona. Uso wake haukuwa na kitu. Nilifungua mdomo, lakini yeye ndiye aliyesema kwanza.

"Umepata gari?"

"Nimepata."

"Twende."

Tulipita Segera. Tulikuwa watatu, mimi na yeye nyuma, na dereva mbele, jirani yangu wa Kilole, ambaye alikuwa ameambiwa asiwashe redio. Nje mkonge ulikuwa umesimama mistari mistari. Sikujua kama alisikia vizuri. Nilijidanganya kwamba pengine neno lile refu la mashine, chumba cha kuhifadhia maiti, halikumwingia, kwa kuwa sisi wote tunasema mochwari. Tulipoacha lami ndipo aliposema, kwa Kizigua, ili dereva asielewe.

"Wamempitisha njia hii?"

"Ndiyo, mama mdogo. Wametangulia."

"Nani yuko naye?"

Nikamtajia watoto wa kaka yake. Akasema ni vijana wazuri, hawatamrusha rusha. Mikono yake ilikuwa juu ya kifuniko cha chupa, inakifunga kilichokwisha kufungwa.

"Kwa nini uliiuliza?" nilimuuliza.

"Ningemuuliza nani?"

"Wewe ulikuwa umeshasema rufaa," akaendelea, bila ukali. "Kaka yangu angesema rufaa. Nesi ni rafiki yako. Nilikaa pale kwenye benchi nikatazama, kila mwenye ulimi ni ndugu wa mtu. Kile hakina ndugu." "Safari ile ya baba yake nilifika na uji. Nilisema nikifika tena na uji mbele ya watu, na nife. Nilitaka niwe nimejua kabla ya kushuka."

Nikaanza kulia. Yeye hakulia. Alinipa ncha ya khanga yake nifute uso.

"Nyamaza. Ukishuka na macho hayo kaka yangu ataelewa. Usimwambie kwamba najua."

"Kwa nini?"

"Amehangaika tangu alfajiri kuyapanga maneno yake. Mwache aniambie."

Kisha akamwomba dereva asimame. Alishuka, akafungua chupa, akaumwaga uji taratibu chini ya kichaka kando ya barabara, akaisuuza kwa maji ya kunywa, akarudi ndani. Chupa akaifutika kwenye mfuko wangu.

Mjomba alikuwa amezuia turubai lisifungwe. Viti vya kuazima vilikuwa vimelazwa nyuma ya nyumba. Wanaume walikuwa wamesogezwa kwa jirani, ulikofikishiwa mwili, na viatu vyao havikuonekana mlangoni. Uani walikuwapo wanawake wachache wanaojifanya kuchambua mchele. Mama mdogo alitazama yote hayo kupitia kioo cha gari.

"Hata turubai hawajafunga," alinong'ona. "Maskini kaka yangu."

Akashuka, akaamkiana na wanawake mmoja mmoja. Akaulizwa habari za Korogwe, akasema nzuri. Akaulizwa mgonjwa anaendeleaje, akasema amepewa rufaa. Akakalishwa mkekani, wanawake wakamsogelea mabega yakagusana. Mjomba akaingia, mzee mrefu aliyezoea kusimama mbele ya watu, akapiga magoti, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya mbele ya mdogo wake.

"Mdogo wangu," alisema, "tulikuwa tunamwomba Mungu atuponyee mgonjwa wetu. Na yeye ndiye aliyetupa, na ndiye..."

Hakufika mwisho. Mama mdogo alilia. Nimesikia vilio vingi kutokana na kazi yangu, na huwa naweza kujua kilio cha aliyeshtushwa na cha aliyekuwa akitarajia. Hiki sikuweza kukipima. Alikuwa amekibeba kutoka Korogwe mpaka Kwedizinga bila kumwaga hata tone, na alipokiachia wanawake wanne walishindwa kumshika. Mjomba alitazama, akasema, kama anayejitetea, "Afadhali ameambiwa hapa."

Tulizika siku ile ile baada ya alasiri.

Hospitali ilirekebisha mashine. Niliwaeleza kilichotokea bila kumlaumu mtu, na wataalamu walikuja wakaitoa mochwari kwenye orodha ya vyumba. Sasa ukiitajia jina la mtu aliyefariki, inasema, "Tafadhali muone mhudumu aliye karibu nami." Mhudumu huyo ni mimi. Walifanya kwa nia njema. Ila watu si wajinga. Haikuchukua muda Korogwe nzima ikajua maana ya maneno hayo. Mwanamume mmoja aliyekuja kumwangalia mkewe aliyejifungua aliyasikia, akakaa chini sakafuni kabla sijapiga hata hatua moja kumfuata. Sasa roboti inapoanza kusema "Tafadhali muone," benchi zima linanitazama mimi.

Mama mdogo alirejea mjini arobaini ilipopita, kwa ajili ya kliniki ya presha. Alikuwa amepungua, khanga inamzunguka mara nyingi. Nilimpokea mlangoni nikitaka kumpitisha upande mwingine, akakataa kwa kichwa. Akaenda akasimama mbele ya mashine.

"Shikamoo. Karibu. Unamtafuta mgonjwa gani?"

"Marahaba." Akataja majina matatu ya mwanawe, polepole, kwa Kiswahili safi.

Ikachelewa kidogo, inatafuta.

"Tafadhali muone mhudumu aliye karibu nami."

Alitazama yale macho ya bluu, akaguna.

"Na hii mmeshaifundisha," alisema.

Kisha akanigeukia, akasogea mpaka mbele yangu, na akasimama wima kama mtu yeyote aliyetumwa kwangu na mashine.

"Haya, mhudumu. Nimekuona. Niambie."

Nilitaka kumshika mkono nimpeleke pembeni, kwenye kiti, kwenye kivuli, mahali penye watu wa kumdaka. Hakusogea. Watu wa benchi walikuwa wanatutazama. Ndipo nilipogundua kwamba mimi, niliyelala naye nyumba moja na kupokea simu ile, sikuwahi kulitoa neno lenyewe mdomoni mwangu mbele yake.

"Mwanao amefariki, mama mdogo," nilisema. "Alifariki alfajiri, wodini, kitandani kwake dirishani. Nesi alikuwa naye."

"Alfajiri."

"Adhana ilikuwa inamalizika."

"Nilikuwa nakoroga," alisema.

"Ndiyo. Ulikuwa unakoroga."

Akatikisa kichwa mara kadhaa. Akajifunga khanga vizuri, akanishika mkono.

"Haya," alisema. "Sasa nipeleke nikapime hiyo presha."